Stima Hupotea Kwako? Piga Hesabu Kabla Hujanunua Betri

STIMA ilipotea saa mbili usiku, nikiwa nimebakisha dakika 40 za sauti za kunakili. Mteja alikuwa wa ng'ambo na alitaka kazi yake kabla ya saa tano. Tangu karo inishinde na kuacha chuo mwaka wa pili, kazi za mtandaoni ndizo hunilipia keja.

Sikuogopa. Nilikuwa na kisanduku cha betri nilichonunua katikati ya jiji, kimeandikwa "500W" kwa herufi kubwa. Nikachomeka laptopu yangu kuukuu, ruta na balbu. Baada ya saa moja u nusu, kila kitu kikazima. Mteja hakunitukana. Alinyamaza tu, na hadi leo hajanitumia kazi nyingine.

Labda wewe pia umechoka na giza. Agosti 25, 2023, hata uwanja wa ndege wa JKIA uliachwa gizani, sembuse bedsitter yako! Lakini usikimbilie dukani kabla ya kujua kosa nililofanya mimi.

Wati si wati-saa

Fikiria tanki la maji la ploti yenu. Wati ni upana wa mfereji. Wati-saa ni maji yaliyo ndani ya tanki. Zile 500 nilizosoma zilikuwa za mfereji, na tanki lenyewe lilikuwa na wati-saa 150 pekee. Muuzaji hakudanganya. Ni mimi sikuuliza.

Kwa hivyo andika vitu ambavyo lazima viwake. Vyangu ni hivi: laptopu wati 60, ruta 10, balbu mbili za LED 10. Jumla 80. Nikitaka saa tano, nazidisha 80 kwa 5, napata wati-saa 400. Birika na pasi ziache kando. Birika moja hula zaidi ya wati 1,500, na chai unaweza kupika kwa gesi.

Sasa soma betri. Ya volti 12 na Ah 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki 600, na inveta nayo hula sehemu yake. Bado 400 zako zinatosha. Ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini unaweza kutumia karibu yote na hudumu miaka mingi zaidi. Ile ya Ah 50 itafanya karibu kazi hiyohiyo.

Na pawabenki ya mAh 20,000? Hiyo ni kama wati-saa 74. Kwa simu ni sawa, kwa laptopu kama yangu ni saa moja hivi. Kama shida yako ni intaneti tu, nunua kibetri kidogo cha ruta na umalize mambo.

Je, lazima sola?

Hapana. Ukiishi ghorofa ya tatu na dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, paneli itakuwa pambo. Chaji betri kutoka kwa soketi stima ikiwepo. Ukiwa na paa, omba landilodi ruhusa kwanza, na ukumbuka kuwa Julai ya Nairobi ina mawingu kuliko jua.

Kwa wazazi wako ushago, sola ina maana zaidi. Ila jihadhari: mifumo mingi ya sola iliyounganishwa na gridi bila betri hujizima stima ikipotea, ili isimuue fundi aliye kwenye nguzo. Uliza kabla ya kulipa. Tumia fundi mwenye leseni ya EPRA, na mwambie akuonyeshe.

Jenereta? Isiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye balkoni, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Mwisho, doo. Lipa mdogo mdogo ni tamu kwa masikio, lakini Sh100 kwa siku ni Sh36,500 kwa mwaka. Linganisha na bei ya kulipa mara moja, kisha uamue. Taka risiti na warantii.

Mimi nilianza upya na betri ya lithiamu na inveta ndogo, bila paneli. Juzi stima ikapotea tena saa mbili usiku. Jirani akagonga mlango akiuliza kama anaweza kuchaji simu. Nikamfungulia, nikarudi kuandika.

Leo jioni chukua karatasi, andika vitu vyako na wati zake. Hiyo ni bure, na ingeniokolea mteja.