Kuimba Silabi Si Kusoma

Swali ni lile lile. Nimeulizwa sokoni Pasua, hapa Moshi, nimeulizwa kwenye vikao vya wazazi, nimeulizwa hata msibani: "Mwalimu, mtoto wangu yuko darasa la pili na hajui kusoma. Nimpeleke twisheni ya nani?" Hakuna anayeniuliza mtoto anasomewa nini, na nani, au mara ngapi kwa wiki. Mzazi ameshaamua kwamba dawa ni twisheni, kilichobaki ni kuelekezwa mlango wa kugonga.

Basi twendeni huko twisheni. Ni chumba cha uani chenye benchi tatu, ubao, na watoto waliobanana. Ubaoni kumeandikwa ba be bi bo bu, chini yake cha che chi cho chu, hivyo hivyo mpaka za ze zi zo zu. Mwalimu anagonga ubao kwa rula, watoto wanaitikia kwa sauti inayofika barabarani. Mama anapita na ndoo yake, anasikia, moyo unatulia: mwanangu anasoma.

Hasomi. Anaimba. Ukitaka kuhakikisha, jioni hii chukua kipande cha karatasi, andika "mi" peke yake, umpe. Wengi wataangalia dari kabla ya kuangalia karatasi. Midomo itacheza: ma, me, mi, mo. Halafu mtoto atakutazama usoni, akisubiri jicho lako limwambie asimame wapi. Mwandikie sasa neno ambalo halipo, "tomiba" au "lufe". Wapimaji wa stadi za kusoma huweka maneno ya namna hiyo makusudi, kwa sababu hayawezi kukaririwa. Lazima herufi zisomwe. Mtoto aliyefundishwa kuoanisha herufi na sauti yake atasuasua, lakini atafika. Mtoto wa wimbo atanyamaza, au atakutajia neno lolote analolijua linaloanza na "t".

Ubaya wa wimbo ni kwamba unamficha asiyejua. Katika darasa la watoto 80, kumi wenye sauti kubwa wanatosha kumfanya mwalimu aamini darasa zima limeelewa. Wengine wanachelewa kwa nukta moja tu na kudaka kile ambacho jirani amekisema. Mtoto anaweza kuishi hivyo kuanzia darasa la awali hadi la tatu bila mtu yeyote kugundua, na mzazi anapogundua anampeleka jioni akaimbe tena wimbo ule ule aliouimba asubuhi. Mia tano mia tano za kila jioni zinaishia hapo. Kama dozi ya asubuhi haikumponya, kumrudishia dozi hiyo hiyo saa kumi na moja, akiwa na njaa na usingizi, si tiba.

Tena siwadharau wanaofundisha silabi. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa sauti za herufi kwa utaratibu anaweza kutamka karibu neno lolote mapema kuliko mtoto wa Kiingereza wa umri wake. Lakini kutamka si kuelewa. Upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ni asilimia 8 hivi tu ya wanafunzi wa darasa la pili waliosoma kifungu cha Kiswahili na kukielewa ipasavyo. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ukaja kusisitiza sauti za herufi, msamiati na ufahamu. Huko kwenye msamiati na ufahamu ndiko silabi zisikofika, hata ziimbwe mwaka mzima.

Mtoto wa Pasua anajua Kiswahili cha sokoni, cha bodaboda na cha mpira. Huenda kwa bibi, Kibosho au Old Moshi, anakutana na Kichagga. Lakini vitabu vina Kiswahili chao. Vina "ghafla", "hatimaye", "akaduwaa", "ijapokuwa". Vina sentensi ndefu ambamo mtu wa mwanzo anarudi mwishoni kama "yule". Lugha hiyo haipatikani mtaani wala kwenye ba be bi bo bu. Mtoto anaipata akisomewa, na anaidaka haraka zaidi akiruhusiwa kusema wakati anasomewa.

Hapo ndipo inapoingia hadithi ya pamoja. Si ile ambayo mwalimu anasoma mwenyewe huku watoto wamefunga mikono, wala si ile ya "Sungura akaingia kwenye shi...?" na darasa zima "mo!" Kumalizia neno la mwalimu ni wimbo ule ule umebadilishiwa nguo. Ninaposema hadithi ya pamoja, nina maana watoto wamekaa karibu na mwalimu, wanaona maandishi, kidole au kijiti kinapita chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia, na kila baada ya kurasa chache kuna swali ambalo jibu lake halijaandikwa popote.

Chukueni hadithi ya Kichagga ya Murile, ambayo wazee wa mlimani waliisimulia kabla ya kuandikwa vitabuni. Kijana anachimba gimbi lenye umbo la mtoto mchanga, analificha kwenye tundu la mti, linageuka mtoto kweli, naye anakuwa anampelekea chakula chake mwenyewe. Anakonda. Mama yake anafuatilia, anamkuta yule mtoto, anamuua. Murile anarudi nyumbani, analia. Wanamuuliza, unalia nini? Anajibu kuwa ni moshi wa jikoni.

Mwalimu asimame hapo. Nilikuwa nyuma ya darasa moja la pili hapa Pasua mwalimu alipofunga kitabu na kuuliza, "Ni kweli ni moshi?" Watoto wachache wakadakia, "Ndiyoo!" kwa sababu wamezoea kudakia. Mwalimu hakusema wamekosea. Akawaambia kila mmoja ageuke kwa mwenzake, wajadiliane. Darasa likavuma. Kisha akamnyooshea mkono msichana wa kando ambaye hajawahi kunyoosha wa kwake. "Hapana mwalimu, anaficha. Akisema analia kwa nini, watajua chakula alikuwa anakipeleka wapi." Hakuna silabi inayoweza kumfundisha mtoto jambo hilo. Huo ndio ufahamu: kusoma kilichoandikwa, ukajua na ambacho hakikuandikwa. Siku ya pili hadithi ile ile ilisomwa tena, safari hii watoto wakitafuta "gimbi", "tundu" na "akakonda" kwenye karatasi, na msichana yule ndiye aliyeshika kijiti.

Wengine wananiambia huo ni mchezo, masomo yanachelewa. Mwaka 1983 Warwick Elley na Francis Mangubhai walichapisha matokeo ya kazi yao katika shule za msingi za vijijini Fiji. Madarasa kadhaa yalipewa vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kila moja, mengine yakaendelea na mazoezi ya kawaida ya lugha. Walimu wa baadhi ya madarasa yenye vitabu walisoma na kujadili hadithi pamoja na watoto. Wenye hadithi walisonga mbele katika kusoma kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya wenzao, tena katika Kiingereza ambacho si lugha yao ya nyumbani. Miaka mitano baadaye, Marekani, Grover Whitehurst na wenzake wakaonyesha kuwa wazazi waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi wanapowasomea watoto wadogo waliinua lugha ya watoto hao ndani ya mwezi mmoja. Sisi tulikuwa na jambo hili kabla ya tafiti zote hizo. Msimulizi wa jioni akisema "Paukwa!" hasogei mpaka wasikilizaji waitike, na akifika mahali pa kutisha anawauliza wangefanya nini. Tumeliacha mlangoni mwa shule.

Sasa mambo ya kufanya, na nitayataja haraka kwa sababu si magumu. Kitabu hakipo? Karatasi za manila nne na kalamu ya wino mzito vinatosha hadithi moja, kwa herufi zinazoonekana kutoka mstari wa nyuma. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto tangu 1991, na Moshi kuna maktaba ya mkoa. Mwalimu mkuu aende akaulize utaratibu wa kuazima. Watoto ni wengi? Nusu wakae mkekani na mwalimu, nusu wachore na kuandika hadithi ya jana, kesho wabadilishane. Muda haupo? Dakika 15 za kipindi cha kusoma, mara tatu kwa wiki, hadithi ile ile siku zote tatu: siku ya kwanza maana, ya pili maneno, ya tatu watoto wasome wenyewe. Maswali mawili ya "kwa nini" na moja la "ungekuwa wewe" yanatosha, yaandikwe kabla ya kipindi. Sauti za herufi ziendelee kufundishwa kila siku, mtoto mmoja mmoja akisikilizwa. Nyumbani, mzazi asiyejua kusoma amwambie mtoto amsimulie hadithi ya leo, kisha amuulize kwa nini. Anayejua asome ukurasa mmoja, mtoto afuatishe kwa kidole. Na wale mnaokimbilia Kiingereza kwa kuwa tangu 2024 kinaanza darasa la kwanza, mtoto asiyeelewa hadithi kwa Kiswahili hataielewa kwa Kiingereza.

Mtoto akiwa bado hawezi kusoma neno fupi anapomaliza darasa la pili, pimeni macho na masikio kwanza. Hospitali zipo, KCMC iko hapa hapa mjini. Msimwite mzito wa kichwa kabla ya hapo.

Wazazi wa Pasua, kikao kijacho mtaombwa mchango wa masomo ya jioni. Kabla hamjakubali, ombeni kuona ratiba ya darasa la kwanza na la pili, muulize kipindi cha hadithi kiko siku gani. Kama hakipo, mchango huo nunueni vitabu, mkeka na karatasi za manila, na mhakikishe umeandikwa hivyo kwenye muhtasari.