Askofu Aliyekwenda Busia

Paukwa! Pakawa! Leo, wajukuu, sina sungura wala fisi. Nina askofu, na ni wa hapa hapa Eldoret.

Alexander Kipsang Muge alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret, tangu 1983. Kabla ya upadri alikuwa askari wa GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, kwa hiyo amri na vitisho alivijua vizuri. Labda ndiyo sababu havikumtetemesha.

Mwaka wa 1988 Kenya ilikuwa na chama kimoja tu, KANU, na katika mchujo wake kilileta kura ya mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala debe. Ulipanga foleni nyuma ya mgombea wako, mchana kweupe, mkahesabiwa kama ng'ombe mnadani. Hebu fikirini: chifu anakutazama. Mwajiri wako anakutazama. Jirani anayekudai anakutazama. Miguu ni yako, lakini utaipeleka unakotaka? Na hata waliothubutu, wengine walisikia foleni yao ndefu ikitangazwa kuwa fupi. Nyinyi mkifika miaka kumi na minane mtaingia kibanda cha kura peke yenu, na pengine mtaona ni jambo dogo.

Muge aliupinga mlolongo waziwazi, pamoja na Askofu Henry Okullu na Mchungaji Timothy Njoya. Kwa nini wachungaji? Mbunge aliyebisha alifukuzwa chamani, mwandishi aliyebisha alifungwa. Mimbari ilikuwa miongoni mwa mahali pachache palipobaki pa kusemea.

Agosti 1990 Waziri wa Leba, Peter Okondo, alimwonya Muge hadharani asikanyage Busia. Akienda ataona moto, na huenda asirudi hai. Muge alikwenda. Alihubiri, akaaga, akashika njia ya nyumbani. Tarehe 14 Agosti, karibu na Kipkaren, gari lake liligongana na lori. Alifariki papo hapo.

Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alifungwa. Mahakama iliona ni kosa la barabarani. Wengi hawakuridhika, na bado hawajaridhika. Mwishoni mwa mwaka huo mlolongo uliondolewa, na Desemba 1991 njia ya vyama vingi ikafunguliwa. Siku hizi Katiba ya 2010, Kifungu cha 39, inasema kila mtu ana haki ya kwenda anakotaka. Tazameni basi: safari ya Busia tu, nayo ni uhuru.

Lakini mtaniuliza, je, kila neno liachwe lipite? Hapana, na sisi wa Eldoret hatuhitaji kufundishwa hilo. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa, pembeni mwa mji wetu, lilichomwa moto pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo. Maneno ya chuki yalikuwa yametangulia kiberiti. Ndiyo maana Kifungu cha 33, kinacholinda usemi na sanaa, hakilindi uchochezi. Muge alimkemea mwenye mamlaka. Wachochezi walimlenga jirani asiye na kinga.

Wakubwa, hata hivyo, hupenda kuchanganya hayo mawili. Mwaka wa 2013 wasichana wa shule ya Butere walikatazwa kuigiza *Shackles of Doom* katika tamasha la kitaifa, ikidaiwa kuwa mchezo huo utaleta chuki. Mahakama Kuu ikaamua waigize. Mwaka wa 2025 shule ileile ilikuja na *Echoes of War*, mchezo unaohusu vijana waliochoshwa na watawala wao. Mahakama ikawaruhusu tena. Walipofika Nakuru mwezi wa Aprili, mwandishi wa mchezo wao alikuwa amekamatwa, na polisi waliwafyatulia watu vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka ukumbini bila kuigiza. Kwa hiyo waliomba idhini, wakapewa na jaji, na bado hawakuigiza. Mwalimu wenu wa drama mwulizeni angefanyaje yeye, na msimwachie ajibu kwa methali.