Zawadi ya Sikukuu Isiyomwongezea Mwenyeji Kazi

Ukialikwa chakula cha Idi au Krismasi, si vizuri kwenda mikono mitupu. Lakini sahani ya vitumbua vya moto nayo ina mtihani wake: mwenyeji ana pilau jikoni na wageni sebuleni, na sasa itambidi ahakikishe vitumbua vimeliwa siku hiyo hiyo, maana vyenye tui huchacha upesi. Zawadi bora ni ile inayoweza kukaa kabatini mpaka shughuli iishe. Mapishi ya Pwani yana zawadi za namna hiyo, nazo hudumu kwa sababu vijidudu vingi havistawi pakavu wala penye chumvi na ukali mwingi.

Anza na kashata za karanga. Chukua vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa, pamoja na kikombe kimoja cha sukari. Zichambue kwanza: yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe, kwani inaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Yeyusha sukari kwa moto mdogo bila maji. Ikifikia rangi ya asali, joto lake limepita nyuzi 160 za selsiasi na karibu haina maji kabisa. Ndiyo maana ikipoa huwa ngumu na haiozi. Tia karanga na iliki, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha, kisha kata kabla haijapoa.

Adui wa kashata ni unyevu. Sukari hunyonya maji yaliyo hewani, na katika miji kama Tanga au Mombasa kashata ikiachwa wazi hulainika na kunata. Zifungie kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, lakini zikiwa zimepoa kabisa, la sivyo mvuke wake wenyewe utazilowesha. Kashata za nazi mbichi ni tamu, ila nazi ina maji na mafuta, kwa hiyo hazikai muda mrefu kama za karanga.

Kwa asiyependa vitamu, mpelekee achari ya ndimu. Kata ndimu vipande vinne vinne, zitie chumvi ya kutosha, zianike juani siku kadhaa hadi zilainike, kisha changanya na pilipili. Chumvi huvuta maji, na asidi ya ndimu huzuia bakteria. Tumia chupa ya kioo, kwa sababu chumvi na asidi hula chuma. Usidhani kila kitu ndani ya chupa kina kinga hiyo: kitunguu saumu kibichi kilicholowekwa kwenye mafuta na kuachwa nje ya friji kinaweza kuzalisha sumu hatari bila kunuka wala kubadilika ladha.

Bandika karatasi yenye tarehe na vilivyomo, hasa karanga, kwani wapo zinaowadhuru, na watoto wadogo wanaweza kupaliwa nazo. Tumia pia chombo usichokidai. Kwa desturi yetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na mwenyeji aliyetoka kulisha ukoo mzima hastahili deni jingine la kupika. Mwambie mapema kwamba chupa ni yake.