Taa ya Maziwa na Kiti cha Mvule

Bwawa la Owen Falls kule Jinja, Uganda, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954. Umeme wake ulifika Tororo, mji wa kiwanda cha saruji, na mwaka 1958 ukavuka mpaka kuelekea Nairobi. Kwa waliozoea koroboi na karabai, shida ya taa ikageuka. Mwanga sasa ulikuwepo wa kutosha, lakini ulikuwa mkali: balbu iliyo wazi katikati ya dari huumiza macho na kuwachora watu vivuli vyeusi usoni. Dawa yake duniani kote wakati huo ilikuwa kioo cheupe cha rangi ya maziwa, kwa umbo la tufe, bakuli au koni.

Weupe huo haukupakwa. Kioo cha kawaida ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Mtengenezaji akitia floridi, kioo kinapopoa huota ndani yake chembe ndogo mno, nazo hutawanya mwanga kila upande. Hapo kinachong'aa ni tufe zima, wala jicho halioni uzi wa balbu. Poul Henningsen wa Denmark alianza kutumia kioo cha aina hiyo katika miaka ya 1920, akipanga vikombe vitatu vya ukubwa tofauti ili balbu isionekane kutoka upande wowote ule mtu aketipo. Mafundi wengi waliomfuata waliiga weupe wakasahau mpangilio, na hilo linanisikitisha hadi leo.

Ukiikuta taa kama hiyo kwa wauza vitu vya zamani Busia, upande wa Kenya au wa Uganda, anza na ukingo wake. Kioo kizuri kilichopulizwa mara nyingi kina tabaka, jeupe likiwa limegandamana na jingine angavu. Kwaruza kwa ukucha upande wa ndani. Rangi ya kupaka itabanduka. Kisha kiinue kuelekea jua. Vioo vingi vya zamani hupitisha wekundu wa machungwa, kwa sababu ileile inayolifanya jua la magharibi kuwa jekundu: chembe hutawanya zaidi buluu, nyekundu ikapita.

Waya za ndani usiziamini hata kama taa inawaka. Mpira uliozifunika hukauka na kupasuka kwa joto la miaka mingi. Fundi wa umeme abadilishe waya na holda, kisha weka balbu ya LED ya mwanga wa manjano, kelvini 2700. Haitoi joto kama zile za zamani, kwa hiyo kioo nacho kinapumzika.

Samani zina hadithi nzito zaidi. Mtindo wa Skandinavia wa miaka ya 1950, wa miguu myembamba iliyochongoka na mikono iliyopinda, mara nyingi ulitengenezwa kwa mtiki. Seremala wa mashariki ya Uganda alikuwa na mvule: mgumu, mchwa hawauwezi, rangi yake ya dhahabu hugeuka kahawia kwa hewa na mwanga. Wakati mwingine ndani ya gogo mna mawe halisi ya chokaa, nayo huvunja meno ya msumeno. Agosti 1972 Idi Amin, rais wa Uganda, aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na nyumba zao nyingi zikaachwa na vyombo vyake. Ndiyo maana leo kiti cha sebuleni kinaweza kukutwa ofisini au stoo ya shule, kimepakwa rangi ya mafuta.

Geuza kiti hicho. Ukiona ulimi wa mbao umeingia katika tundu lake, bila msumari, kiokoe. Mivule mikubwa imekatwa sana, na mbao pana kama hizo ni adimu sasa. Toa rangi taratibu kwa kikwangua, piga msasa kufuata nyuzi, malizia kwa mafuta badala ya vanishi nzito. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo fanyia kazi hiyo nje, ukiwa umefunika pua na mdomo.