Kukata foto ya zamani na kuiweka fasi ingine: kazi ya Sammy Baloji, na foto zetu za Walungu

Ukiingia katika nyumba nyingi za Walungu, utakuta ukutani foto ya familia, pengine ya ndoa ao ya ubatizo. Pembeni yake mara nyingi kuna bango la karatasi la kununua sokoni: maporomoko ya maji, magorofa, maua. Hakuna mtu wa pale nyumbani aliyefika fasi ile.

Sammy Baloji, mpiga foto aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliyakuta mabango ya namna hiyo kule Kolwezi, katika makao ya wachimba madini. Katika kazi yake iitwayo « Kolwezi », foto ya kambi ama ya mgodi inakaa pembeni ya bango, mbili mbili, bila maelezo mengi. Huku udongo mwekundu na hema zilizochakaa, huku mji wa kijani kibichi uliotengenezwa China. Baloji hamcheki yule aliyenunua bango. Anatuonyesha tu kwamba mtu anayelala juu ya mali ya nchi amebandika ukutani ndoto ya nchi ingine. Wenye kujua machimbo ya dhahabu ya Mukungwe, hapa Walungu, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kazi iliyomjulisha ni ya mbele ya hiyo, « Mémoire », ya mwaka 2006. Hapo njo utaelewa kolaji ni nini: kukata sehemu ya picha moja na kuibandika ndani ya ingine. Baloji alipata foto za zamani za Union Minière, kampuni ya wakoloni iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo mali yake ilikuja kuwa Gécamines. Ni foto nyeusi na nyeupe: wafanyakazi wamepangwa mistari, wazungu wamesimama na kofia zao. Kisha yeye mwenyewe akaenda kupiga foto za rangi za viwanda vilivyokufa, na za vilima vya takataka za madini. Kwa ordinateri akawatoa watu wa zamani mule walimokuwa, akawasimamisha katikati ya magofu ya leo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini asitoe tu foto ya zamani vile ilivyo? Jibu liko kwa aliyeipiga. Foto ile ilipigwa kwa ajili ya kampuni, ili ionyeshe kwamba kazi inaenda. Mfanyakazi alihesabiwa mule kama vile mashine. Na ukionyesha magofu peke yake, mtazamaji atasema tu « Kongo imeharibika », kisha ataendelea na safari yake. Ukiwaweka pamoja, wale wababa wanakutazama toka ndani ya uharibifu, na swali linakuja lenyewe: jasho lao lilienda wapi? Baloji haifichi sana alama ya kukata. Unaona kabisa kwamba watu hawa na fasi hii ni vya nyakati mbili. Akificha, itakuwa uongo.

Siye wa Kivu tuna deni letu na foto. Miaka na miaka wapiga foto wa mbali walikuja kutafuta mama anayelia, wakapiga, wakaenda, na yule mama hakuona hata siku moja ile foto ilifika wapi. Pamela Tulizo, wa Goma, ambaye alipata zawadi ya Dior ya wapiga foto vijana mwaka 2020, alishughulika na jambo hilo katika « Double Identité »: mwanamke wa kwetu na kioo, sura ambayo dunia inampa na ile anayojiona nayo mwenyewe. Foto za namna hiyo hazipigwi mbio mbio. Unaketi kwanza, mnaongea, mtu anachagua nguo yake, na ana haki ya kukataa.

Kijana wa Walungu mwenye telefone anaweza kuanza leo, na sanduku la nyumbani linatosha. Lakini usikate foto yenyewe! Ipige na telefone, ukate nakala. Foto ya tate akiwa kijana shambani inaweza kusimama juu ya kilima hicho hicho vile kiko sasa, kama udongo umeporomoka ama miti imeisha. Uliza majina ya wote walio mule na uyaandike, maana wanaoyajua wanazeeka. Na kama kuna mwenye bado kuishi, mpelekee aone mbele ya kuituma kwa watu. Pengine atasema yule wa kushoto asiwekwe, na hatakuambia sababu. Basi, yule wa kushoto mwache.