Makaburi Juu ya Kilima

Jumamosi moja tulikuwa jikoni tukichambua mchele tukasikia milio ya bunduki kutoka chumba cha watoto. Ilikuwa milio midogo, kama karanga zinazorukaruka kikaangoni. Tulipoingia tulimkuta kijana wetu wa miaka 11 ameinamia kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake.

"Mama, ngoja kwanza, Jools anakufa!"

Mama mwenzetu, wewe ungefanyaje? Mkono wetu ulikuwa umekwisha fika kwenye swichi. Lakini jina lile lilituzuia. Jools ni nani hata anaombolezwa hivi?

Mchezo wenyewe unaitwa Cannon Fodder, maana yake watu wanaopelekwa vitani ili mizinga ipate cha kula. Ulitengenezwa na kampuni ya Uingereza, Sensible Software, ukatolewa mwaka 1993 kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Unatazama vita kutoka juu, kama mtu aliyepanda mnazi akiangalia kuku uani. Askari ni wadogo kama punje za mtama, nao hufuatana mstari mmoja. Kitufe kimoja cha kipanya huwapeleka mbele, kingine hufyatua risasi. Maguruneti ni ya kuhesabu. Ukiyatupa ovyo, utafika kwenye nyumba ya adui huna cha kuibomolea.

Hadi hapo ni mchezo wa bunduki kama mingine. Kinachoutofautisha ni majina. Kila askari ana jina lake, na wa kwanza ni Jools na Jops. Anayerudi salama hupandishwa cheo. Anayekufa harudi tena: jina lake hutoka kikosini, na kaburi lake huongezwa kwenye kilima. Chini ya kilima hicho hicho vijana wengine wamepanga foleni, wanangoja kuandikishwa. Juu yao matokeo huandikwa kama ya mpira, wenyeji na wageni. Ni mzaha mchungu, nasi hatukuupenda.

Wala si sisi wa kwanza kuchukia. Mchezo ulipokaribia kutoka, ulitangazwa kwa picha ya lile ua jekundu ambalo Waingereza hulivaa kila Novemba kuwakumbuka waliokufa vitani, kwa kuwa Vita Kuu ya Kwanza ilikoma tarehe 11 Novemba 1918. Chama cha askari wastaafu, Royal British Legion, ambacho hukusanya fedha za kuwasaidia askari na jamaa zao kwa ua hilo, kililalamika. Magazeti nayo yakalaani, na ua likaondolewa kwenye jalada. Watengenezaji walijitetea kwamba walikusudia kuonyesha upuuzi wa vita. Kwa maoni yetu mjane aliyelivaa ua lile kwa machozi alikuwa na haki ya kukasirika, hata kama watengenezaji walisema kweli.

Baba yake alitaka mchezo ufutwe siku ile ile. Sisi tuliomba kwanza tuujaribu. Tulikalishwa kitini, tukapewa kipanya, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumepoteza watu watatu. Mmoja tulimlipua kwa guruneti letu wenyewe. Tukiri kwamba tulicheka. Kijana wetu hakucheka. Alivuta daftari la hesabu kutoka chini ya mto, akaandika majina matatu, moja baada ya jingine, pamoja na vyeo vyao. Kurasa nne za daftari lile zilikuwa zimejaa.

"Kwa nini unawaandika?"

"Ili nisiwasahau." Kisha, bila kututazama: "Mama, mjomba akifa, kaburi lake litawekwa huku au kule kule?"

Mjomba wake ni mdogo wetu wa mwisho. Ni askari, na tangu Februari yuko nje ya nchi kulinda amani. Nyumbani tulikuwa tumekubaliana tusimzungumzie sana, mtoto asije akaogopa. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akiogopa peke yake, na sisi tukidhani anapenda bunduki tu.

Swichi hatukuizima. Tulimwambia tunayoyajua: mjomba analala wapi, anakula nini, anapiga simu siku gani, na kwamba sisi pia usiku hatulali vizuri. Mchezo sasa ni Jumamosi tu, saa moja, na mlango uko wazi. Baba yake bado anasema ufutwe, na huenda yuko sahihi. Mdogo wake wa miaka 6 hatutamruhusu kabisa.

Jumapili simu ilipoita, kijana aliinyakua kabla yetu.

"Mjomba, kikosini kwenu mko wangapi?"

Hatukusikia jibu. Tulimsikia akiuliza tena, polepole, "Wote? Wote mpo?" Kisha akatupa sisi simu, akaenda kula.