Kivuli cha Uani
Katika vijiji vya delta ya Rufiji kama Kiongoroni, wilayani Kibiti, kivuli cha mwembe uani ni sebule ya pili. Hapo nazi hukunwa, ukili husukwa, na mzazi hupumzika na mwanawe. Hapo pia hurundikwa makuti makuukuu, maficho ya nyoka, pamoja na vifuu.

Kifuu kimoja chenye maji ya mvua chatosha kulea viluwiluwi wa Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe, ambaye hukomaa kwa siku 7 hadi 10. Huuma mchana, kivulini, wakati chandarua kimekunjwa. Ndiye aliyeeneza dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Hivyo mtungi husuguliwa ndani, haumwagwi maji tu.

Kona ikisafishwa, tangawizi na manjano hukubali jua la kuchujwa na majani. Mizizi ya mwembe hunyang'anya maji, basi ndoo kuukuu iliyotobolewa chini hufaa kuliko shimo. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai. Migomba na majimbi, japo hupendeza, yakae mbali na benchi: makwapa ya majani yake hutunza maji, na mbu huyajua.

Mwenye homa apimwe malaria mapema. Isipoonekana, asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kumwona mganga, kwani dengue huweza kuvujisha damu.